Jibu Huandikwa Nyuma

9 Machi

Kidole, mwanangu,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa lenu. Mimi sijambo. Baridi imeanza kulegeza kamba, ingawa bado nalala na soksi. Nimehamia chumba cha chini katika jengo lilelile. Cha juu kilikuwa na mwanga mzuri wa kusomea, lakini nimekiacha. Jirani yangu, yule muuguzi mstaafu, hunisukumia gazeti chini ya mlango kila asubuhi. Likikaa hapo mpaka mchana, ana ufunguo. Simu usihangaike nayo. Nikiiweka sikioni nasikia nyuki tu.

Baba yako aliniandikia kwamba unasomea bangi. Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Nieleze basi unasomea nini hasa, maana yeye, fundi makochi, hueleza kila kitu kama kochi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unaijua desturi yangu na baba yako. Kule kambi ya wakimbizi tulikokulia, mimi upande wa wasichana na yeye upande wa wavulana, karatasi ilikuwa adimu kuliko sabuni. Aliyepata barua aliandika jibu nyuma yake, akairudisha. Baadaye vita vikatutawanya, mimi huku ng'ambo na yeye huko, karatasi zikawa tele, lakini hatukuacha. Kila ninachomwandikia hunirudia na maneno yake upande wa pili.

Karatasi yangu ya Novemba haijarudi. Kuchelewa ni kwake. Nilimwita Mzee Subiri tangu hajang'oka meno ya utoto. Lakini kunyamaza si kwake. Niambie, Kidole: kaka yangu anaumwa? Kama anaumwa nataka kuja, nimwone angali ananijua.

Shangazi yako

* * *

4 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika ikiwa na mihuri mingi kuliko maneno. Mimi ni mzima, ila shingo inauma kwa kuinamia darubini kutwa. Baba yupo. Karakana ya makochi bado ipo, siku hizi anafungua akichelewa. Karatasi yako ya Novemba anayo, ipo kando ya kitanda chake. Anasema atajibu mwenyewe, nisimwingilie. Nisamehe kwa kutumia karatasi mpya. Sisi wa maabara tumefundishwa tusiandike nyuma ya kitu chochote.

Hapana, sisomei bangi. Nasomea vitu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, vyenye undugu na vile vya kwenye bangi. Kimoja kinaitwa anandamidi, aina ya mafuta. Kingine ninachokifuata ni gesi, nitriki oksidi. Viwili hivi vina tabia moja: haviwekwi ghalani. Seli huvitengeneza pale vinapohitajika, vinafanya kazi, vinaisha. Hiyo gesi hudumu sekunde chache tu, lakini ndani ya sekunde hizo hupenya ukuta wa seli bila kupiga hodi.

Baba alinisaidia kupata mfano. Mshipa wa damu una bitana ndani, kama koti zuri. Mafuta yale yakigusa bitana, bitana hutoa gesi. Gesi inapenya hadi kwenye msuli unaouzunguka mshipa, msuli unalegea, damu inapita. Hivyo ndivyo ilivyo kwa baadhi ya mishipa. Kwa mingine njia ni tofauti, na wakubwa wetu bado wanabishana. Mimi nataka kujua kwa mishipa midogo ya binadamu mambo yakoje.

Kwenye ubongo ni ajabu zaidi. Seli moja inasema, nyingine inasikiliza. Inayosikiliza ikizidiwa, hutengeneza mafuta haya na kuyarudisha kwa ile inayosema, kama kuiambia: punguza, nimekusikia. Na kuna sehemu ambako ile gesi isipokuwepo, ujumbe huo wa kurudi nyuma haushiki.

Tunapata vipande vya mishipa kutoka chumba cha upasuaji, kwa ruhusa ya wagonjwa, vikiwa na namba tu bila jina. Mimi navikata vipete, kila kimoja natundika kwenye nyaya mbili ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili. Naweka dawa ya kukikaza, kisha naweka mafuta, naangalia kama kitalegea. Tangu mwaka jana havilegei, Shangazi. Hata kimoja. Profesa wangu, ambaye tunamwita Bwana Labda, ameanza kuniangalia kwa huruma, na huruma yake inatisha kuliko hasira.

Kidole

* * *

29 Aprili

Kidole, marahaba.

Afya yangu ni ile unayoijua, na sehemu usiyoijua nitakueleza leo. Jirani anakusalimu. Anasema Bwana Labda aache kukuonea huruma akuletee chai.

Nimeipenda barua yako. Kumbe hata mwilini, anayesikiliza humrudishia msemaji jibu kwa nyuma. Ungemwambia baba yako kwamba mimi na yeye tulianza mchezo huo bila shahada.

Lakini umeandika "mimi ni mzima" na "Baba yupo". Mwanangu, nimejalidi vitabu vya maktaba mpaka nikastaafu. Karatasi iliyong'olewa naijua hata kurasa zikipangwa vizuri namna gani. Uzi wa mshono hulegea mahali pale. "Yupo" husemwa juu ya kiti.

Sitakulazimisha. Nakupa siri yangu, labda utaona aibu kuendelea kuficha yenu. Tangu mwaka jana moyo unanibana nikipanda ngazi, ndiyo sababu ya chumba cha chini. Daktari amenipa kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi. Nikikiweka, kifua kinafunguka kama dirisha, kichwa kinapata moto, kisha nakaa kitini nikiwa mwepesi kama karatasi. Nieleze kinafanya nini. Daktari wangu ni mtoto mzuri ila anaeleza akitazama saa.

Baba yako asijue. Ana kawaida ya kuacha kula akiwa na wasiwasi, na mwili wenyewe hana.

Shangazi

* * *

6 Juni

Shikamoo Shangazi,

Najua nimechelewa. Nyumbani tumekuwa na mambo mengi. Salamu za jirani yako nilizipata, na chai haijaletwa.

Kidonge chako kinafanya kazi ninayoisomea. Mwilini kinageuzwa kuwa gesi ileile. Mishipa iliyobana inalegea, moyo unapata nafuu. Kichwa kupata moto ni kwa sababu mishipa ya kichwani nayo imelegea. Ukikitumia kaa chini, usisimame ghafla, na mtu asikuletee mafuta ya bangi akisema ni ya kutuliza. Kimoja kinalegeza mishipa, kingine kinaweza kulegeza zaidi, damu inashuka, unaanguka. Na tafadhali usipande ndege kabla hujamuuliza daktari huyo anayetazama saa. Nakuomba kwa yote.

Kuna jambo limetokea maabara. Mwezi uliopita kililetwa kipande kutoka kwa mgonjwa aliyekatwa utumbo. Kwa sababu fulani sikukishika kama ninavyoshika vingine. Nilikata vipete polepole, nikavivusha kwenye waya bila kuvuta, nikawa nashusha pumzi baada ya kila kimoja. Nilipoweka anandamidi, mstari kwenye skrini ukaanza kushuka. Kipete kimelegea! Nikaweka dawa inayozuia gesi isitengenezwe kwenye kipete jirani, kile kikalegea kidogo tu. Kwa hiyo gesi ndiyo iliyokuwa inabeba sehemu kubwa ya ujumbe.

Ndipo nikaelewa ya mwaka mzima. Bitana ya mshipa ni seli za safu moja. Waya ukiikwangua, inatoka, na mshipa hausikii tena chochote. Kuna dawa ya kuipima kabla ya kuanza. Nilipima kwa mishipa ya ng'ombe ya machinjioni nikaridhika. Ya binadamu, kwa kuwa ni michache na haikai muda mrefu, nikaruka hatua hiyo ili niokoe muda. Vipete vyote vile nilivikwangua mwenyewe, kisha nikavilaumu kwamba havisikii.

Bwana Labda alifurahi, kwa mara ya kwanza akasema "ndiyo". Mimi sikufurahi.

Baba anakusalimu.

Kidole

* * *

24 Juni

Kidole,

Sijambo. Jirani hajambo.

Mgonjwa huyo aliyekatwa utumbo ana umri gani? Na kwa nini mkono wako ulimwonea huruma yeye peke yake?

Daktari amenikataza kusafiri. Nimemshukuru, nimetoka, nimekata tiketi ya tarehe nne Agosti. Jirani atanisindikiza, anasema hajapanda ndege tangu alipokuwa na kiuno.

Nijibu.

Shangazi

* * *

10 Julai

Shikamoo Shangazi,

Sina salamu nyingine. Baba anaumwa.

Ilianza Novemba, wiki ileile karatasi yako ilipofika. Alidhani ni tumbo la kawaida. Ni saratani ya utumbo. Mwezi wa tano walimfanyia upasuaji wakakuta imeshafika kwenye ini. Alinikataza kukwambia. Nilimwambia una haki ya kujua, akanijibu, "Dada akijua atapanda ndege na moyo wake ule. Unataka nizike au nizikwe?"

Nikamuuliza, "Moyo upi? Nani kakwambia?"

"Kaniambia mwenyewe. Kaandika amehamia chumba cha chini. Dada yangu huyo! Kambini alikuwa anapanda tangi la maji ili asome juani. Mtu kama yule hashuki chini bila kushushwa."

Kwa hiyo mwaka huu wote, Shangazi, wewe ulinikataza nisimwambie yeye, yeye akanikataza nisikwambie wewe, na mimi nimekaa katikati kama ule mshipa ulioondolewa bitana. Habari zilifika kwangu zikakwama.

Kile kipande kilikuwa chake. Sina uthibitisho wa maandishi, ilikuwa namba tu. Lakini siku ile upasuaji wa namna hiyo ulikuwa mmoja, na chombo kilikuja kingali na uvuguvugu. Yeye ndiye aliyetaka. Kabla hawajamwingiza alimwambia daktari, "Mabaki msitupe, mpeni mwanangu. Hata kitambaa cha kochi tunachobakiza hushonwa mto." Nilitakiwa kumpa mwenzangu akifanyie kazi, au nikiache. Sikuweza kukiacha kife kwenye barafu.

Maumivu yamezidi, wanampa dawa kali. Jana alinitania: "Unasomea bangi ya mwilini, na mwili wangu umeishiwa. Nenda dukani kwenu ukanichukulie."

Usije. Nakuandikia haya nikiwa nimevunja amri yake, usinifanye nivunje na ya pili. Lakini kama ungenitii, usingekuwa Shangazi.

Kidole

* * *

22 Julai

Mwanangu,

Barua yako ilifika leo asubuhi. Nimeweka kidonge chini ya ulimi, nimekaa, na sasa naandika. Usiogope, nilikaa kama ulivyonielekeza.

Sikulaumu. Wala yeye simlaumu, ingawa nikifika nitamfinya sikio, kwa upole, kwa kuwa ni mgonjwa. Tulikuwa tunalindana kwa ukimya, kila mmoja akidhani mwenzake hasikii.

Tarehe haibadiliki. Jirani ameniazima sanduku lake. Nimeweka koti, dawa, na zile karatasi zetu zote zilizonirudia, zimejaa kiatu cha boksi, nasema vibaya, boksi la viatu. Nataka tuzisome pamoja. Yeye hajawahi kuyaona majibu yake tangu alipoyaandika.

Msomee haya, polepole, karibu na sikio: Mdogo wangu, nimejua. Nakuja. Maisha yako yote umeniambia subiri, leo ni zamu yako.

Shangazi

* * *

15 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Nilikuwa nashika kalamu kila siku naiweka. Pole tena. Pole kwetu sote. Nilipompigia jirani yako simu tarehe ishirini na saba sikujua atakwambiaje, maana sauti husikii. Ameniandikia kwamba alichukua gazeti la siku hiyo, akaandika pembeni kwa herufi kubwa "KAKA", akakaa nawe. Kwamba uliuliza saa, ukakunja gazeti, ukaanza kutoa nguo sandukuni moja moja.

Barua yako ya Julai ilifika tukiwa tumeshamzika. Sikumsomea. Nataka ulijue hili kutoka kwangu, usije ukajipa moyo kwamba alisikia.

Nitakueleza alivyomaliza. Wiki ya mwisho alitaka nimweleze kazi yangu upya, "kama unamweleza fundi, siyo kama unaniliwaza". Nikamweleza. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza: mafuta yale yakitumwa kurudi nyuma na gesi haipo, yanakwenda wapi? Nikasema yanavunjwa, yanaisha, hakuna mtu anayejua kwamba yalitumwa. Kisha akasema, "Niletee karatasi ya dada."

Nilimwekea ubao wa kukatia vitambaa magotini. Aliomba nitoke. Niliporudi alikuwa amelala, kalamu imeanguka. Kesho yake hakuamka vizuri, na siku iliyofuata aliondoka, mchana, karakana ya jirani ikigonga misumari.

Matokeo ya kipande chake nimeyaondoa kwenye kazi yangu. Nilimweleza Bwana Labda kwamba nilijua ni cha nani, na mtu anayejua haruhusiwi kupima. Alivua miwani akasema, "Yalikuwa mazuri sana." Nikasema ndiyo. Sasa naanza upya na vipande vya watu wengine, napima bitana kila mara, na nashika kila kipete kama kile. Juzi kimoja kimelegea. Nililia maabara, mwenzangu akadhani ni furaha.

Karatasi yako ya Novemba hii hapa ndani. Sijaigeuza. Ni yako.

Kidole

* * *

5 Septemba

Kidole, mwanangu,

Marahaba. Huku miti imeanza kupukutisha majani. Jirani ananilazimisha kula; ananiletea sahani, anasimama mlangoni kama askari magereza mpaka imalizike. Tiketi nimeirudisha. Boksi la viatu limerudi chini ya kitanda.

Asante kwa kuniambia ukweli kuhusu barua yangu kwamba haikumfikia. Nilikuwa nimeshaanza kujipa moyo.

Karatasi nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuigeuza. Upande wangu nilikuwa nimejaza porojo: bei ya mkaa wa jiko, paka wa ngazini, chumba cha chini kina joto zuri. Uongo mtupu, chumba hiki ni cha baridi.

Nikaigeuza. Mwandiko wake umeteremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, lakini ni wake. Nakunakilia yote:

"Dada, shikamoo. Huku sote hatujambo."

Basi. Baada ya hapo kuna alama ya wino ilipotelezea kalamu, na karatasi nyeupe mpaka chini.

Nimefikiri sana mwanangu. Kila barua aliyowahi kunijibu ilianza hivyohivyo, na mimi nilikuwa nikiruka mstari huo kufuata habari. Safari hii habari ni mstari huo. Alikuwa anakufa, akatumia nguvu iliyobaki kuniambia hajambo. Sijui nimshukuru au nimgombeze. Asubuhi namshukuru. Jioni namgombeza, kwa sauti, na kwa kuwa sisikii, jirani ndiye anayeniambia kwamba nilikuwa napiga kelele.

Nafasi nyeupe iliyobaki sitaijaza. Ni yake.

Lakini hii ninayokuandikia nimeiandika upande mmoja, kama unavyoona, na nimetumia karatasi nene isiyovujisha wino. Najua maabara mmekatazwa kuandika nyuma ya kitu. Hapa si maabara. Igeuze, unijibu, uirudishe. Na salamu uziache mpaka mwisho. Anza kwa kuniambia kama unakula. Kama huli, andika kwamba huli.

Shangazi yako